Kofia ya Punda na Televisheni ya Jirani

Jumamosi moja asubuhi, umeme ukiwa umekatika mtaa wetu mzima wa Hewa Bora, binti yangu wa miaka minane alinijia mbio akiwa na simu mkononi.

"Papa, ile punda ya kubeba barua, yenye ulinielezea, nimeipata!"

Tukaketi kwenye mkeka mbele ya mlango. Wimbo wa mwanzo wa katuni ile ya utotoni mwangu ulipoanza, nilishangaa kujikuta ninauimba wote kwa Kifaransa, lugha ambayo nilipokuwa na umri wake sikuijua zaidi ya salamu. Punda yule anaishi katika kijiji cha theluji, amevaa kofia ya buluu, na kila siku anapeleka barua moja tu kwa mtu mmoja. Nilikuwa nacheka kama mtoto. Punda alipoanza kutembea kuelekea upande wa kushoto, nikamgusa binti yangu bega.

"Angalia sasa, kofia itageuka kijani."

Haikugeuka. Punda alitoka na buluu yake.

"Papa, ni bongo!"

Haikuwa uongo. Nilikumbuka vizuri kofia ile ikigeuka rangi, na nikakumbuka sababu yake. Tulipokuwa tunaishi katika kambi ya wafanyakazi wa reli, majirani wa ukuta kwa ukuta walikuwa na televisheni, sisi hatukuwa nayo. Binti yao alikuwa na umri wangu. Siku moja tulitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, tukaibandika kwenye kioo cha televisheni kuona kama itashika. Kuanzia siku hiyo kona ya kushoto ilikuwa na doa la kijani ambalo halikutoka, na baba yake alitupigisha magoti sisi wawili sebuleni kwake mpaka tukaomba msamaha.

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Kwa sababu nilikumbuka pia kofia ya kijani nikiwa nimelala kwetu, nina homa ya malaria, kichwa kwenye mapaja ya mama, picha ya Bikira Maria ikiwa ukutani juu ya televisheni. Sebule mbili na doa moja.

Baba alikwisha fariki. Mama anaishi nami. Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua maharage.

"Mama, ile televisheni yetu ya kambini ilitoka wapi?"

"Juu ya nini unauliza?"

"Ilikuwa ya majirani?"

Aliendelea kuchambua. Ndege iliyokuwa inashuka kwenye uwanja wa Luano ikatupitia, naye akaingoja ipite kabisa, ingawa haikuwa na kelele za kumzuia mtu kusema.

"Balituachia lufungulo," akasema.

Nilikuwa najua habari za mwaka ule wa watu kufukuzwa, kama kila mtu wa hapa anavyozijua, yaani nusunusu. Watu ambao wazee wao walitoka mkoa wa jirani waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao, kama majirani zetu, walizaliwa hapahapa na kubatizwa katika parokia moja nasi. Walilala wiki nyingi kwenye stesheni wakingoja mabehewa. Kuhusu ufunguo nilikuwa sijui lolote.

Mama alinieleza. Siku ya pili baada ya wao kuondoka, nyumba nyingine kambini zilianza kuvunjwa. Baba alisema, "Kama shiye hatukamate, bengine batakamata." Akaingiza chumbani kwetu vyombo vyao, na televisheni akaifunika kwa kitenge. Baada ya siku chache mama wa yule binti alirudi kutoka stesheni kwa miguu, kuchukua mablanketi na sufuria.

"Nilimwambia bezi baliingia, balibeba vyote," mama akasema. Hakuniangalia. "Nikamupa unga. Akasema asanti."

"Na miye nilikuwa wapi?"

"Mu chumba. Nilikuambia unyamaze. Ulikaa kimya muzuri sana."

Nilijaribu kuikumbuka siku hiyo. Mpaka leo najaribu. Naujua wimbo wote wa punda, lakini sauti ya yule mama mlangoni petu siijui, na nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Sijui hata kama nilielewa. Huenda nilielewa, nikanyamaza kwa sababu niliitaka televisheni ibaki.

Ilinichukua miezi miwili kumpata binti yao. Mtu aliyeimba kwaya pamoja nasi zamani alimjua binamu yake, na binamu akaniletea namba baada ya kumuuliza kwanza. Anafundisha shule ya msingi huko walikopelekwa. Kiswahili chake ni kilekile cha kambini, kana kwamba hajaondoka. Aliikumbuka sumaku, akacheka. Ndipo nikamwambia yote, haraka haraka, kabla sijarudi nyuma.

Nilimsikia akifunga mlango.

"Mama alijua," akasema. "Wakati alitoka kwenu aliangalia juu. Antena yetu ilikuwa ku nyumba yenu. Baba yako alisahau kuficha antena."

"Hakusema kitu?"

"Angesema nini? Alikuwa na unga ku mukono na batoto bane banangojea ku stesheni."

Mama yake alikwisha fariki pia. Nikamuaga vibaya, kama mtu anayekimbia.

Nilipomwambia mama habari ya antena, aliuliza mara moja tu, "Alijua?" Hakula siku hiyo. Jumapili iliyofuata, tuliporudi kutoka misa, aniombe nimpigie yule binti wa jirani. Nilimshikia simu, spika ikiwa wazi. Alilia kwanza, halafu akaomba msamaha kwa maneno machache, bila kumtaja baba.

"Mama," yule mwanamke akajibu polepole, "ule mwenye ulidanganya alishakufa. Miye siwezi kusamehe mu nafasi yake. Lakini minaweza kukusalimia." Kisha akamuuliza kuhusu magoti yake, na kama bado analima bustani.

Sasa wanasalimiana karibu kila Jumapili. Wanaongea juu ya mvua, bei ya unga, wajukuu. Habari ya televisheni haikurudi tena, na mama hunirudishia simu akiwa amechoka kuliko mtu aliyetoka shambani. Mimi mwenyewe, yule mwanamke hajaniuliza hali, wala sijathubutu kuomba anisemeshe. Binti yangu anataka kujua kwa nini bibi yake analia akiongea na mtu anayemsalimia tu. Nimemwambia ni rafiki wa zamani. Ameniangalia kwa muda, halafu ameenda kucheza, na nimeona kwamba hakuniamini.