Niliapa Sina Kitu, Sasa Fedha Zangu Ziko kwa Marehemu

(Barua hii aliileta mwenyewe kwa mkono, akatuomba jina lake tulifiche. Tumelificha. Mengine yote ni maneno yake.)

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tatu, Mkristo, nina mke na watoto watano. Nyumba yangu iko Dagoretti, haijamalizika na sidhani itamalizika. Naandika kwa aibu, lakini aibu haijapata kumlisha mtu.

Miaka kumi na sita nilikuwa karani wa duka la jumla la vitambaa huko Ngara. Mwaka jana mwenye duka aliuza kila kitu akahamia Ulaya. Alituita mmoja mmoja, akatupa kiinua mgongo, akatushika mkono, basi. Mke wangu alisema fedha hizo ni za kula mpaka nipate kazi nyingine, na za kumpeleka binti yetu mkubwa sekondari. Tulikubaliana hivyo.

Lakini nilikuwa nimechukua mbao na mabati kwa mkopo. Mwenye mbao aliposikia duka limefungwa, alikimbilia kortini. Dalali wa korti akaja na mkokoteni, akabeba kitanda, redio na baiskeli yangu, majirani wakitazama. Akaniambia, "Hii haitoshi, bwana. Tukijua benki yenye umeweka pesa, korti itaandika barua. Hata shilingi moja hutatoa."

Kesho yake nilimwendea Salim. Huyu alikuwa karani mwenzangu, mtu wa Lamu, Mwislamu wa kweli, na meza yetu ilikuwa moja miaka yote hiyo. Akasema, "Zitoe leo, nizitie kwenye akaunti yangu. Ukihitaji, waja wachukua." Nikataja habari ya kuandikiana, akacheka. "Baina yangu nawe, karatasi ya nini?"

Kortini niliulizwa kama nina fedha popote. Nikashika Biblia nikaapa sina. Nilijiambia si uongo, maana kwa jina langu hazikuwapo. Mnaotaka kucheka, chekeni.

Miezi minne Salim alinitolea kidogo kidogo bila kuninung'unikia. Mwezi uliopita aliumwa kifua siku mbili, akafa.

Siku ya maziko nilisimama uani mwa msikiti. Kabla jeneza halijainuliwa, kaka yake anayekaa Pumwani alipaza sauti: "Ndugu zangu, yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, tumlipe. Tusimzike ndugu yetu na deni." Sikujua kwamba wana desturi hiyo. Nikafungua mdomo. Hapo hapo nikamwona, hatua mbili mbele yangu, amevaa kofia nyeupe: yule dalali wa korti. Kumbe husali pale. Akageuka, akaniamkia kwa kichwa, nami nikafunga mdomo. Salim akapelekwa kaburini na deni langu, na sikuweza hata kumlilia, kwa sababu nilikuwa nalilia fedha.

Nilidhani nitamweleza mjane polepole. Lakini mjane yuko edani, miezi minne na siku kumi, wala haonani na wanaume. Ikabidi niende kwa yule kaka, nikamkuta nyumbani kwa marehemu. Nikamwambia, "Mzee, ile pesa iko kwa akaunti ya Salim ni yangu."

Akanijibu, "Tulitangaza mbele za watu. Nawe ulikuwapo, nilikuona. Mbona hukusema?"

Nikamwomba amuulize mjane.

Akaingia ndani kumuuliza nyuma ya pazia, akarudi. "Shemeji yangu asema mlikuwa na jambo la fedha, lakini kiasi hakijui. Hii sasa ni mali ya mayatima, na mali ya yatima ni moto. Lakini sitaki kukudhulumu. Njoo Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya sala, uape kwa kitabu chako mbele ya wale wale waliosikia tangazo. Ukiapa, nitakupa."

Angekuwa mwizi ningemtukana, nikapumua. Lakini ni mtu mwadilifu, na hilo ndilo linaniua.

Nikienda kuapa, dalali atakuwapo. Korti itajua kwamba niliidanganya, nitafungwa, na fedha atachukua mwenye mbao. Nisipokwenda, zitagawanywa, kila mrithi fungu lake, na binti yangu, aliyekwisha kupata nafasi ya shule, atakaa nyumbani awatazame wenzake wakipita. Na siwezi kusema kwamba mwenye mbao hanidai. Ananidai, na mabati yake ndiyo yanayotufunika mvua ikinyesha.

Mke wangu hanisemeshi. Juzi alichukua Biblia yetu, akaifuta vumbi, akaiviringisha kwa kitambaa safi na kuiweka mezani, mahali ninapokalia. Hakusema niende, wala hakusema nisiende. Tunakula ikiwa katikati yetu.

Wasomaji wenzangu, nishaurini. Mkono ule ule ulioapa kwamba sina kitu, niuinue tena niape kwamba ninacho?