Mume Wangu Anataka Binti Yetu Azaliwe Ijumaa

Admin, tafadhali usiweke jina langu wala picha. Mume wangu hajui Kiswahili, lakini Wakenya anaofanya nao kazi wanasoma hapa kila siku.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, Mkisii, naishi Brooklyn Park huku Minnesota, natunza wazee katika nyumba moja kule Golden Valley. Nimeolewa na Mghana, Mwashanti wa Kumasi. Nimwite Kwabena. Nikimwita hivyo sijamtaja, maana kwao kila mwanamume aliyezaliwa Jumanne ni Kwabena. Mtoto wa kwao huja na jina la siku yake, hakuna anayelichagua. Siku ya nane ndipo humtoa nje, wakampa na jina la ukoo, akahesabiwa mtu. Tulipokuwa tunachumbiana niliyapenda sana hayo mambo. Hata mimi alinipa langu, Adwoa, kwa kuwa nilizaliwa Jumatatu.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa Ijumaa, kwa upasuaji, wakati wa baridi kali. Kwabena alimwona kabla yangu. Akaniinamia huku analia, akasema, "Afua amefika." Maana yake msichana wa Ijumaa. Lakini moyo wake ulikuwa na kasoro, wakamweka kwenye mashine. Kwabena alikuwa akipitisha kidole kwenye kidirisha cha ile mashine akimwita, "Afua, Afua," na mtoto anakishika. Alikishika kwa nguvu jamani, hadi mimi nikaamini atapona. Akafa siku ya tano.

Mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Kumasi kwa ajili ya sherehe ya jina. Niliporudi nyumbani nilikuta vitu vyote vya mtoto vimeondolewa. Nikaanza kulia pale pale mlangoni. Akanishika mabega, wala si kwa ubaya, akaniambia, "Nyamaza. Huyo alikuwa mgeni. Alichungulia tu akarudi zake. Hakufika siku ya nane, hana jina, hana matanga. Ukimlilia atazoea kuja na kuondoka." Nikamtazama Kwabena anitetee. Akainamisha kichwa.

Kuzika sikwenda, walisema mshono bado mbichi. Alikwenda Kwabena na mzee mmoja wa kanisa lao. Waliporudi, mama mkwe alinivisha gauni jeupe, naye akavaa jeupe, akatuandalia supu ya karanga mezani kama watu wenye furaha. "Kula," akaniambia. "Tunaionyesha mauti kwamba haikutuchukulia kitu." Maziwa yangu yalikuwa yanatoka, Admin. Gauni limelowa kifuani nami nimeshika kijiko. Nilikula. Halafu akaniambia polepole kwamba yeye mwenyewe aliila supu hiyo mara mbili kabla ya kumpata Kwabena. Kwa hiyo hata kumchukia nilishindwa.

Theluji ilipoisha nilikwenda makaburini peke yangu. Kuna kibao kidogo kwenye nyasi, kimeandikwa ukoo wa mume wangu na neno "Baby", basi. Nikamwomba Kwabena tuandike Afua.

"Jina lipi? Hatukumpa jina."

"Si wewe ndiye ulikuwa unamwita!"

"Nilikuwa naita siku."

Hatukulizungumza tena.

Sasa nina mimba nyingine, ya msichana. Moyo wamepima, uko sawa. Kwa kuwa nilipasuliwa mara ya kwanza, nitapasuliwa tena, na juzi daktari alituuliza, "Mnapenda Alhamisi au Ijumaa?" Kabla sijafungua mdomo Kwabena akajibu, "Ijumaa."

Kwenye gari nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anatabasamu, na Kwabena hatabasamu siku hizi. "Anarudi," akasema. "Mama anasema ni yule yule. Afua anarudi, na safari hii tutamfikisha siku ya nane."

Nilikuwa nimengoja kwa muda mrefu alitaje hilo jina. Sikungoja alitaje hivyo. Nikamwambia, "Afua yuko makaburini. Huyu ni mwingine. Azaliwe Alhamisi, aitwe Yaa, awe mtu wake mwenyewe."

Akasimamisha gari kando ya barabara. Akalia kama mtu aliyepigwa. "Wewe hukulibeba lile sanduku," akaniambia. "Mimi nililibeba. Lilikuwa jepesi, Adwoa. Lilikuwa jepesi sana. Niache nimrudishe."

Nikampigia mama yangu Kisii, nikidhani angalau yeye atanitetea. Akasema, "Hata sisi tunarudisha majina ya waliokufa. Lakini kwanza tunawalilia. Huyo wako nani alimlilia?" Tukalia sote kwenye simu.

Ndugu zangu, nikikubali Ijumaa, kila nitakapoita Afua mtoto mmoja atageuka kuniangalia na mwingine nitakuwa nimemfuta. Na huyu mdogo atakua akipendwa kwa ajili ya mwenzake. Nikikataa, nitakuwa nimemnyang'anya mume wangu kitu pekee kilichomfanya atabasamu tangu tulipozika. Nimefikiria kupiga simu hospitali kisirisiri nibadilishe siku. Nikaogopa ataniangalia kwa macho gani nikiamka pale kitandani. Mama mkwe ameshakata tiketi ya kuja, na daktari anataka jibu wiki hii.

Msinijibu kwamba niombe, naomba kila siku. Na tafadhali msimtukane mume wangu, ni mtu mzuri. Nawauliza hasa mliowahi kuzika mtoto mchanga, na mlioolewa mbali na kwenu. Nishaurini kama dada yenu: nimchagulie mwanangu siku gani?