Mgeni Wangu na Harufu ya Vitunguu

Jamani, leo nusura kazi yangu iishie getini Ngorongoro!

Mnajua korona ilivyotukatia wageni, landkruza ya bosi ikawa inabeba vitunguu vya Mang'ola badala ya Wazungu.

Leo ndio nimepata wageni wa kwanza, mama mtu mzima na mumewe. Gari nililiosha mpaka rangi ikaomba msamaha.

Kufika getini tukafunga vioo kwa ajili ya vumbi. Weee! Harufu ya vitunguu ikatupanda puani.

Mama akashusha barakoa. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Machozi hayo!

Nikajua hapa bosi anapigiwa simu, nami narudi kulima kijijini Qurus.

"Dereva, hii harufu ya nini?"

Mimi ninayeongea Kiingereza kuliko walimu wote wa Karatu, nikajibu kama mtoto wa darasa la kwanza. "Vitunguu, mama. Nisamehe."

Akamrukia mumewe. "Nimenusa! Nimenusa!"

Kumbe tangu augue korona hakuwa anasikia harufu yoyote.

Bosi kweli kapigiwa simu: wanataka niwapeleke mpaka Serengeti, mimi na si mwingine.

Haya madereva wenzangu, semeni hapa chini, nani kati yenu amewahi kumrudishia mgeni pua?