Pini Ambazo Hazikuokwa

Mtaani walimwita Mama Kromu, ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake, na karakana yake ilinuka tindikali kiasi kwamba wateja walirudi nayo nyumbani kwenye nguo. Alianza kwa kung'arisha mabomba na bampa. Baadaye akaingia kwenye kazi aliyoipenda kweli, ya kuvisha vipuri vya injini kromu ngumu, madini yanayong'aa, ili chuma kisilane na chuma kwenye joto na mwendo mkali.

Mteja wake msumbufu kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, dereva wa mashindano ya magari. Jina la Moshi alijipa mwenyewe.

Jioni ile Mama Kromu alitoa pini za pistoni za gari la Moshi kwenye pipa la dawa, akazisuuza, akaziingiza kwenye oveni zilale humo hadi asubuhi.

"Dada, mikate yangu itaiva lini?" Moshi alimtania, kama kawaida yake.

"Ikiiva nitakwambia. Nipishe nifunge."

Ila oveni haikuwa jambo la utani. Umeme unapopita kwenye dawa ili kromu ishike, hidrojeni hujipenyeza ndani ya chuma. Pini isipokaa kwenye joto saa nyingi ili hewa hiyo itoke, kwa nje itang'aa, hata ukiipima utaiona sawa, lakini ndani imekuwa kama kigae. Itakatika wakati wowote, injini ikwame ghafla na gari limshinde dereva.

Kesho yake alishinda kliniki na mama yao, aliyekuwa akisumbuliwa na presha. Moshi alikuwa na ufunguo wa karakana. Alikuja asubuhi, akachukua pini, na hadi jioni injini ilikuwa imefungwa.

Siku iliyofuata, ya mashindano, Mama Kromu alifungua karakana mapema. Alipoinama kuwasha oveni akaona saa ya oveni inawakawaka sifuri. Akabaki ameinama. Alitoka nje mbio hadi kwa jirani yake, muuza betri.

"Juzi umeme ulikatika?"

"Ulipofunga tu, mama. Umeme ulirudi kumekucha."

Oveni ile ikizimika haijiwashi. Alimpigia Moshi, simu imezimwa. Akapiga tena na tena huku akipanda pikipiki, na aproni yake ya mpira bado kiunoni.

Magari yalikuwa yamepangwa kwenye barabara ya vumbi nje ya mji. Msimamizi alinyoosha mkono kumzuia.

"Bila kitambulisho hupiti."

"Gari la mdogo wangu litaua mtu!"

"Kila mtu hapa ana mdogo wake, mama."

Akapenya chini ya kamba. Gari la Moshi lilikuwa limeshasogea mstarini, injini inanguruma. Mama Kromu akasimama mbele yake, akabandika viganja vyote viwili kwenye boneti. Ilikuwa inachoma. Hakuitoa mikono.

Moshi alitoa kichwa dirishani. "Dada, una wazimu? Toka!"

"Pini hazijaokwa! Umeme ulikatika!"

"Jana usiku nimeliendesha, halina neno!"

"Zitakatika mteremkoni! Zima!"

Watu walianza kupiga mayowe. Mwenye bendera akatazama saa yake. Moshi akaachia klachi kidogo, gari likasogea, bampa ikamgusa dada yake magotini. Mama Kromu aliyumba, akajirudisha palepale. Walitazamana kupitia kioo.

Injini ikazima.

Gari lilisukumwa pembeni, watu wakizomea. Moshi hakumsemesha. Hata mama yao, alipoelezwa kisa chote na binti yake, alisema jambo moja tu: "Ungeweza kumwambia taratibu. Umemwaibisha mbele ya watu."

Wiki zikapita kimya. Kisha Moshi akaja karakanani, akamwaga pini mezani. Alikuwa amezipeleka kwa fundi mwingine, aliyezipaka rangi ya kutafutia nyufa. Hakuonekana ufa hata mmoja.

"Nzima," alisema. "Mwaka wangu umekwenda bure kwa vitu vizima."

Mama Kromu alichukua pini moja, akaiweka kwenye mashine ya kubana, akaikaza hadi mzigo ambao pini nzuri huubeba bila taabu. Kisha akavuta kiti. Moshi akabaki amesimama na mikono kifuani. Nje mtu alikuwa akigonga bati, akaacha, akaanza tena.

Moshi aligeuka aende zake. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango pini ilipopasuka, kwa mlio mkali kama wa glasi, na hakuna aliyekuwa ameigusa.

Alirudi polepole. Akavitazama vipande viwili. Kisha akakaa chini sakafuni, palepale penye madoa ya dawa.

"Ningemgonga nani?" aliuliza. "Mteremkoni pale huwa wanasimama watoto."

"Hukumgonga mtu. Inuka, utaunguza suruali."

Jioni simu ya mama yao iliingia.

"Mdogo wako amekuja kuniambia. Kumbe lilikuwa jambo kubwa hivyo, mbona hukunieleza?"

"Nilikueleza, mama."

Mama akauliza, "Umekula lakini?"