Jiwe Liligoma Kudondoka

Kabla ya kuumwa na nyoka nilikuwa mtu wa mikono. Alfajiri nakanda unga wa maandazi, mchana nafua, jioni namwagilia mchicha, na mwanangu Nasra yuko mgongoni. Tunaishi Mkuza. Jirani yetu wa upande mmoja ni pagala ambalo mwenyewe hatumjui hata sura. Alijenga mpaka kwenye lenta akaondoka, majani yakaota mpaka dirishani kwetu.

Dalili zilikuwepo. Kwanza mijusi. Ukuta wa jiko letu la nje ulijaa mijusi kafiri, wanatikisa vichwa kama wanabishana. Ghafla hakuna hata mmoja. Halafu mayai yakaanza kupungua kwenye beseni bovu alimotagia kuku wangu, nyuma ya kuni.

"Kenge huyo," alisema mama mkwe wangu, tunayeishi naye. "Kenge ana mkia tu, hana neno."

Kuku mwenyewe akahama, akawa analala juu ya bati la choo. Kuku alijua.

Asubuhi ile niliingiza mkono kwenye beseni kama siku zote. Nani anachungulia beseni lake mwenyewe? Nikagusa kitu laini, cha baridi. Kikafoka. Nikahisi msumari wa moto umepita kwenye kidole. Nilipovuta mkono, nyoka akaja nao, ananing'inia kwenye kidole cha shahada, shingo kaitanua. Swila. Akajiachia, akapotelea kwenye pagala.

Mama mkwe alikuja mbio na kitu alichorithi kwao Janga: jiwe la nyoka, jeusi, dogo kama kipande cha sabuni iliyokwisha. Ukiumwa, unachanjwa kwa wembe, jiwe linawekwa juu ya damu, linanata. Wanasema linanyonya sumu, na likishiba linadondoka lenyewe, umepona. Kabla halijadondoka, huruhusiwi kuvuka kizingiti.

Akanifunga mpira wa baiskeli chini ya kiwiko. Akanichanja. Jiwe likanata. Tukakaa kulisubiri.

Kidole kilivimba kama muhogo. Kiganja kikafuata, ngozi ikang'aa, yakatoka malengelenge yenye maji mekundu. Nilitapika mpaka nyongo. Chumba cha pili Nasra alikuwa analilia ziwa nami nimekatazwa kumgusa mpaka jiwe lidondoke. Maziwa yalinitoka yenyewe, yakalowesha kanga. Nikawaza: nikifa hapa, huyu mtoto atanyonya nini?

Mume wangu Shabani alifika kutoka kazini. Nikamwambia, "Nipeleke Tumbi, hospitali." Akaliangalia jiwe. Akamwangalia mama yake.

"Halijadondoka," mama mkwe akasema. "Ukilibandua sasa, sumu inakwenda moyoni. Unataka kumzika?"

"Vumilia kidogo, mama Nasra," akasema Shabani.

Vumilia! Mkono unageuka mweusi, watu wazima wanaangalia jiwe.

Aliyeniokoa ni Mama Debora, Msukuma anayetuletea maziwa. Alisimama mlangoni na dumu lake, akaziba pua.

"Huyu anaoza mbele yenu! Mnasubiri jiwe lipige hodi?"

"Kachunge ng'ombe zako," mama mkwe akamjibu.

"Ng'ombe wangu akiumwa naita daktari. Huyu hata u-ng'ombe hajafikia?"

Nikalibandua jiwe kwa mkono wa pili. Likatoka na ngozi. Mama mkwe akapiga yowe la msiba kabisa. Nikavuka kizingiti. Mama Debora akanipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma, mimi katikati, kichwa changu mgongoni kwa dereva.

Tumbi, daktari aliukata ule mpira kabla hata hajaniuliza jina. "Nani amefunga hivi?" Nikamweleza habari za jiwe. Akatikisa kichwa. "Dada, huo ni mfupa uliochomwa. Unanata kwa sababu unanyonya unyevu. Hata kwenye ulimi wangu utanata."

Nikawekewa dripu ya dawa ya sumu ya nyoka. Mkono ulipona. Kidole hapana, nyama yake ilikuwa imeshakufa, wakakikata. Wakachuna ngozi pajani kuziba mgongo wa kiganja.

Leo nakanda unga kwa vidole vilivyobaki. Nasra ananyonya hadi anasinzia. Nikikaa tahiyatu kwenye swala nanyanyua kile kipande cha kidole kilichobaki, na ninaamini Mungu anaipokea shahada yangu. Namshukuru Yeye, na Mama Debora, na wauguzi waliovumilia matusi yangu wakinisafisha kidonda.

Nanyi mnaosoma: mijusi wakihama ukutani, jiulizeni nani kahamia. Fyekeni. Macho yatangulie mkono. Ukiumwa, usifunge, usichanje, vua pete na bangili, tuliza kiungo kilichoumwa, nenda hospitali. Usisubiri ruhusa ya mtu.

Wiki iliyopita nilimkuta mama mkwe jikoni, amelilowesha jiwe kwenye kikombe cha maziwa. Ndivyo wanavyolisafisha ili litumike tena.

"Ungelisubiri siku ile," aliniambia, "kidole ungekuwa nacho."

Alipokwenda kutawadha nilikichukua kikombe, nikaenda nacho chooni, nikamimina maziwa na jiwe shimoni.

Akarudi, akatafuta. "Mama Nasra, jiwe liko wapi?"

"Limedondoka, mama."