Leso ya Fainali

Kila mchezaji anaposhinda fainali ya tenisi ya wanaume, kamera humwacha kabla hajainuka pale chini alipojitupa. Inakimbilia viti vya pembeni wanakokaa kocha na jamaa zake, kutafuta mwanamke. Ikimpata analia, inatulia kwake, na mtangazaji anashusha sauti na kutueleza walikutana wapi.

Kamera hiyo nimeitazama katika miji mingi, maana mimi si mtu wa kutulia. Kisumu nilikozaliwa, Mombasa, Dubai, Leicester, sasa Birmingham. Kila nilikohamia, nikishapata kitanda, nilitafuta televisheni inayoonyesha tenisi. Na katika miaka yote hiyo sijaiona, hata kwenye fainali moja, ikienda kwa mwanamume anayemlilia mpenzi wake. Wanawake wanaocheza hukumbatia wapenzi wao wa kike mbele ya dunia nzima na mvua haiachi kunyesha. Wanaume, siku moja kwa mwaka, huvaa kitambaa cha rangi za upinde wa mvua mkononi. Halafu mmoja anakasirika, anamtupia mwamuzi lile neno wanalotuitia sisi, anatozwa faini, anaandika kwamba yeye si mtu wa namna hiyo. Mtu wa namna gani basi? Neno lilitoka mdomoni mwa nani?

Niko kwenye kundi la simu la mashoga wanaopenda tenisi, na hata wao hunikera. Kutwa wanakisia. Fulani amemkumbatia mwenzake kwenye wavu kupita kiasi. Fulani hana mke. Mimi nilikisiwa hivyo shuleni, nyumbani na kanisani, na mchezo niliochezewa siwezi kumchezea mwingine. Lakini naelewa wanachotafuta: mtu mmoja wa kumshangilia bila kujibana.

Hapa Birmingham fainali tunaitazamia Northfield, kwa Mkenya tunayemwita mwenyekiti, ingawa sijui ni mwenyekiti wa nini. Naipenda nyumba ile. Kuna pilau baada ya kanisa, chai ya tangawizi, watoto wanaoulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza. Na kuna desturi aliyoianzisha mke wa mwenyekiti. Mashindano yanapoanza, kila mwanamume huchagua mchezaji wake, na wawili hawachagui mmoja. Siku ya fainali, kamera ikishamwonyesha mke wa mshindi, akina mama hupiga vigelegele na kumfunga mabegani leso mpya, yaani kanga, mke wa yule aliyemchagua. Nimeona wanawake wakilia kwa kufungwa leso hiyo. Wamefanya kazi wiki nzima kwenye wodi za watu, na kwa dakika moja wote wanawatazama wao.

Mwenzangu ni Mkongo wa Bukavu. Tunaishi Handsworth, juu ya duka la vitambaa, na Northfield anajulikana kama "yule rafiki yako". Anafanya kazi ya kuwatunza wazee, na anayempangia zamu ni mke wa mwenyekiti. Tenisi nilimfundisha mimi, kwa kumkalisha mbele ya televisheni, na sasa ananishinda kwa macho. Mwaka huu yeye ndiye aliyetuchagulia mchezaji: kijana wa mkono wa kushoto ambaye soksi zake hazikai juu na ambaye hakuna mwingine aliyemtaka.

Kijana yule akashinda. Kamera ikakimbia, ikampata mkewe. Vigelegele vikapaa, mke wa mwenyekiti akainuka na leso mkononi, akageuka kwangu, akasimama.

"Ala! Huyu kapera wetu sasa tumfungie nani?"

"Mfungie mamake!"

"Mamake yuko Kisumu, leso itafika ikiwa dekio."

"Kaka," mwenyekiti akasema, "kila mwaka tunakuambia utuletee shemeji, na kila mwaka unatuletea Mkongo!"

Nyumba nzima ikacheka. Mwenzangu naye akacheka, akajipiga goti kama wao, na hicho ndicho kilichoniunguza.

"Nipe leso yangu," nikasema.

"Umfunge nani, shemeji?" Mke wa mwenyekiti alinikabidhi huku akitabasamu. Hakuwa na ubaya wowote usoni, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Nikamtazama mwenzangu. Akatikisa kichwa, kidogo sana. Leso ilikuwa mikononi mwangu na watu wakingoja, basi nikaitupa mabegani mwangu mwenyewe na kuifunga fundo.

"Amejioa!" mtu akapiga kelele. "Amejioa mwenyewe!"

Kwenye televisheni kijana wetu alikuwa bado anambusu mkewe.

Tuliondoka jua lingali juu. Kituoni pa basi nilifoka peke yangu. Nilimtukana mwenyekiti, kamera, tenisi, wanaume wote wa tenisi waliojificha na ambao sina haki ya kuwatoa mafichoni. Mwenzangu alingoja nimalize.

"Ungenifunga tu," akasema.

"Si ulikataa kwa kichwa?"

"Niliogopa juu yako. Hawa ni watu ya kwenu. Juu yangu mimi, hapana."

"Na zamu zako?"

"Wazee wako wengi Birmingham," akasema.

Basi likaja. Nilifungua lile fundo, nikamfunga leso mabegani palepale mlangoni, na dereva akatuambia tusogee ndani.

Sasa mashindano mengine yameanza. Mwenyekiti aliuliza kwenye kundi la Northfield nani anamchagua nani. Niliandika kwamba mimi na mpenzi wangu tunamchukua yuleyule wa mkono wa kushoto, na kwamba akishinda, mtu wa kufungwa leso yupo, wanamjua, wamemlisha pilau. Nilimpa mwenzangu simu asome. Aliyetuma ni yeye.

Wote wamesoma, alama zimegeuka buluu. Hakuna aliyejibu. Mke wa mwenyekiti bado hajatoa zamu za wiki ijayo. Kijana wetu, soksi zikimshuka, hajafungwa mechi mpaka leo, na fainali ni Jumapili. Leso nimeifua na kuipiga pasi. Tutapanda basi la Northfield kama kawaida, na mlango wakitaka kuufunga, waufunge tukiwa tumeshasimama mbele yake.