Swali Ambalo Sikumuuliza Kabale

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya sabini, mwanangu, nilipokaribia kumdhuru mtoto ambaye hajazaliwa. Nilikuwa nesi mpya pale Isiolo, msichana wa Meru mwenye kofia nyeupe na maringo mengi. Akaja mama mmoja wa Sericho, jina lake Kabale, anakohoa, mwili moto. Foleni ilikuwa ndefu. Nikampa vidonge vya tetrasaiklini, dawa ya kuua vijidudu, nikaita mwingine.

Baadaye kidogo Sista Rael, mkubwa wetu, akapitia daftari langu.

"Huyu ana mimba?"

"Hakusema, Sista."

"Sijauliza alichosema. Wewe ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Kina mama wa Kiborana kama Kabale huvaa nguo pana, na mimba si jambo la kumtangazia mgeni. Sista hakunipigia kelele, afadhali angenipiga. Alisema tu, "Dawa hiyo inaharibu meno na mifupa ya mtoto tumboni. Mfuate."

Mwanangu, nilikimbia! Kofia ilianguka mtaa wa Bulla Pesa, sikuiokota. Lori la Sericho lilikuwa limeshawashwa, abiria wamekaa juu ya magunia ya unga. Nikasimama mbele yake, mikono juu.

"Dada, unataka kufa?" dereva akafoka.

"Namtaka Kabale!"

Mumewe, Guyo, akachungulia. "Kwani dawa ni mbaya?"

"Dawa ni nzuri, mzee. Kosa ni langu, sikuuliza." Nikamgeukia mkewe. "Mama, una mimba?"

Akainamisha macho. "Miezi mitano."

Kisha akafungua fundo la shuka yake. Vidonge vyote vilikuwepo, hajameza hata kimoja! Nikalia huku nikicheka, mbele ya watu wote. Dereva mwenyewe akazima injini, wakangoja nikimrudisha Kabale kwa Sista, akapimwa na kupewa dawa inayomfaa.

Mvua zilipokuja, Kabale alirudi na mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mji. Aliandamana na kina mama watatu wa kwao. Wa kwanza, hata kabla hajaketi, akatangaza: "Salaam aleikum, nina mimba!" Sista akapiga vigelegele, chumba kizima kikaitikia.

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ukiwa mtoa dawa, uliza kwanza, hata foleni ikifika barabarani. Ukiwa mja mzito, sema kabla hujapokea kidonge. Usimeze cha jirani, wala usiache ulichoandikiwa kwa hofu bila kumuuliza daktari. Na ukikosea, kimbia ukarekebishe, aibu haiui.

Mungu akujalie ulimi usioona haya kuuliza, na watoto wote watakaopita mikononi mwako wafike salama.